Mzee Wilbroad, Warumi, na Koti Lililobaki Nyuma ya Mlango

Ijumaa, tarehe 30 Novemba 2007, Mzee Wilbroad Kaijage anastaafu baada ya miaka kumi na mitatu ya kuwa mratibu wa Kolegio letu la Kuzikana hapa Johannesburg. Kwa wageni watakaosoma kijitabu hiki Jumapili ukumbini Kensington, kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha kwamba hakuna msema Kiswahili anayefia katika jiji hili akakosa watu wa kumzika. Mtanzania, Mkongomani, Mkenya, Mrundi, wa msikitini na wa kanisani, wote walikuwa wake. Mtu akifa, simu ya kwanza kulia ilikuwa ya Mzee. Kuanzia Jumamosi asubuhi simu hiyo itakuwa kwangu.

Kamati iliniagiza niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila mimi Marcelline Nabintu ni msusi wa nywele, na mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu. Tena kuna jambo ambalo siwezi kulipita kando. Mzee huyu, aliyetuuliza sote kila mwaka tunataka kuzikwa wapi, yeye mwenyewe alikataa kujibu swali hilo. Alikataa mpaka tukaogopa kwamba ataondoka nchini, au ataondoka duniani, bila sisi kujua tumpeleke wapi. Wasifu wake hauwezi kukamilika bila habari hiyo, kwa hiyo nitaifikia.

Alizaliwa mwaka 1942 katika kijiji kimoja cha Bukoba, akasoma seminari ndogo, na huko akashiba Kilatini. Hakuwa padre. Yeye husema hakuitwa. Bakiri, fundi cherehani wetu, husema mapadre waliogopa kwamba kwenye kitubio Mzee angekuwa na wasiwasi kuliko mwenye dhambi. Akawa mwalimu Morogoro. Huko alikutana na Thokozile, binti wa Soweto aliyekuwa uhamishoni pamoja na wenzake wa harakati za ukombozi. Wakaoana, wakawazaa Sipho na Eva. Baada ya uchaguzi wa 1994 Thokozile alirudi kwao, na Mzee akamfuata mke, jambo ambalo ndugu zake wa Bukoba walichukua muda kulimeza. Hapa hakuna aliyekuwa akitafuta mwalimu wa Kilatini. Alipata kazi ya kubeba majora ya vitambaa katika duka la jumla Fordsburg, na cherehani ya Bakiri ilikuwa kwenye kibaraza cha duka hilohilo.

Kolegio lilianzia makaburini. Novemba ya mwaka huo kijana mmoja kutoka Songea alifariki kwa homa katika chumba cha kupanga Rosettenville. Mwenye nyumba alijua jina lake la kwanza na hakujua zaidi. Walioenda kumzika walikuwa Mzee, Bakiri na Thokozile, basi. Bakiri, Mwislamu wa watu, hakujua wimbo hata mmoja wa kanisani, lakini aliitikia. Wakiwa njiani kurudi, gari limesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, Mzee akasema kwamba kwa Warumi wa kale watu watatu walitosha kuunda kolegio, na kwamba wao walikuwa tayari watatu. Bakiri anasimulia kwamba robot ikawa ya kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, na Thokozile hakuondoa gari mpaka mumewe alipomweleza maana ya neno hilo.

Maelezo hayo tumeyasikia mara nyingi mno, nami nayaweka hapa kwa mara ya mwisho. Leo mtu akilisikia neno hilo hufikiria shule. Kwa Warumi halikuwa shule. Collegium lilikuwa kundi la watu waliofungwa pamoja na kanuni moja, wenye sanduku moja na meza moja ya chakula. Makuhani walikuwa na lao. Waokaji mikate, maseremala na wafua nguo walikuwa na yao. Halafu kulikuwa na makolegio ya watu wadogo: maskini, watumwa, watumwa walioachwa huru, watu waliokuja mjini kutafuta riziki. Hao walichanga kidogo kidogo kila mwezi kwa sababu waliogopa jambo moja, kwamba wakifa watatupwa shimoni nje ya mji pamoja na mizoga. Watawala nao waliyaogopa makolegio. Waliona watu wakikutana mara kwa mara, wakadhani wanapanga fitina, wakayapiga marufuku mengi. Yale ya watu wadogo ya kuzikana waliyaacha, mradi wakutane mara moja tu kwa mwezi. Mzee alipofika hapo alikuwa akitutazama mmoja mmoja. Sisi ambao karatasi zetu za kuishi hapa zilikuwa za miezi michache michache tulielewa bila kufafanuliwa.

Ndiyo maana jina lilipita. Wengine walitaka Chama, lakini waliotoka Zaire wakati ule walilisikia neno chama, ambalo kwao lilikuwa la serikali na wapelelezi wake, wakatazama mlangoni. Mzee akapaka rangi neno KOLEGIO kwenye mlango wa chumba cha juu ya duka, na kwa mwaka mzima tukawa tunapokea wazazi. Mama mmoja wa Lubumbashi alipanda ngazi na watoto wawili waliovaa sare, akauliza kama hesabu inafundishwa kwa Kifaransa. Mzee alimpa kiti, chai, na habari zote za Warumi. Mama aliondoka akiwa mwanachama, na watoto wale leo ndio wanaotuimbia kwenye mazishi, japo kwa Kizulu.

Mwaka 1997 polisi wawili nao walipanda ngazi zilezile. Kuna mtu alikuwa amewaambia kwamba wageni wanakusanyika humo kila mwezi na mlango umefungwa. Ezéchiel, mchungaji wetu kutoka Kalemie, ambaye hukemea mapepo bila kupepesa jicho, aliinama chini ya meza akasema anatafuta kalamu. Mzee mwenyewe aliogopa, lakini akaanza: kolegio, Warumi, watawala, shimo. Yule polisi mkubwa alimkatiza, akasema mama yake yuko kwenye chama cha kuzikana tangu yeye hajazaliwa na hahitaji Warumi kumweleza. Akaketi, akala nasi. Mzee alibaki ameudhika kidogo, kwa kuwa alikuwa hajafika kwenye sardini.

Sardini zenyewe ni hizi. Katika mji mmoja karibu na Roma, wanakolegio walichonga kanuni zao kwenye jiwe, na jiwe hilo lipo hadi leo. Linataja chakula cha siku ya karamu: divai, mkate na sardini nne. Basi kila Desemba, kabla ya bugali na sombe, yaani kisamvu, kila sahani ya Kolegio letu imepata sardini nne za kopo, na Mzee amepita nyuma ya viti akikagua. Wakongomani tulinung'unika miaka miwili, kisha tukazoea. Jiwe hilohilo linasema malalamiko yaletwe kwenye mkutano wa kazi, ili siku ya karamu watu wale kwa utulivu na uchangamfu. Atakayeniletea manung'uniko Jumapili nitamkumbusha jiwe.

Lakini kanuni aliyoishika kuliko zote ni ya watatu. Warumi wale walisema mwanachama akifia mbali, kupita jiwe la maili ya ishirini, watu watatu watumwe kwenda kumshughulikia. Mzee akaifanya sheria hata kwa aliyefia mtaa wa pili. Hakuruhusu mtu kwenda peke yake, wala wawili. Mmoja ni wa kusema na wakubwa wa hospitali, mmoja ni wa kushika simu na karatasi, na mmoja ni wa kulia, kwa sababu alisema marehemu asiyeliliwa pale mapokezi hucheleweshwa. Mimi niliingia kazini kwa njia hiyo. Mwaka 1998 alinifuata saluni, mteja wangu akiwa amesukwa nusu ya kichwa, akaniambia amesikia nina machozi ya karibu. Nilikwenda nikamlilia mwanamke wa Kisumu ambaye sikuwahi kumwona, na nilipomaliza nikagundua kwamba sikuwa nikiigiza.

Kuna siku ya Biubwa pia, mama wa Unguja aliyekuwa akiuza viungo Fordsburg. Alifariki asubuhi, na alitakiwa azikwe siku hiyohiyo. Mzee alikimbia huku na huku kutafuta wanawake wa kumwosha, koti limemlowa jasho, akawapata. Walipofunga mlango yeye akabaki nje, hana la kufanya, na wasiwasi haumwachi. Bakiri alimkuta amesimama ukutani akisali kwa Kilatini kwa sauti ya chini. Alipomuuliza, Mzee alisema hakujua dua inayofaa, akaona kuliko kunyamaza atumie aliyonayo. Bakiri huyasimulia hayo kwa kucheka, lakini hajawahi kuyasimulia mpaka mwisho bila kujikohoza.

Tulimtania sana kwa wasiwasi wake. Jeneza likisafirishwa kwa ndege ya jioni, yeye alikuwa uwanjani asubuhi. Alilisoma jina lililoandikwa juu yake, akaondoka, akarudi akalisoma tena. Ukimwambia mambo ni sharp, yaani safi, alijibu kwamba wasiwasi ndio akili. Katika miaka yote hii hakuna marehemu wa Kolegio aliyefikishwa kwa mama asiye wake. Hayo ndiyo mafanikio yake makubwa, na hayana picha ya kutundika ukutani.

Mwaka 2001 wasiwasi haukutusaidia. Ignace alikuwa mlinzi wa ghala kule Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, kijana mpole wa Uvira. Alipata likizo akaamua kwenda kumwona mama yake kwa njia ya Zambia, kwa malori mpaka ziwani na kutoka hapo kwa boti. Boti ilizama Ziwa Tanganyika, na Ignace hakuonekana tena. Kolegio likakutana, na kwa mara ya kwanza hatukujua la kufanya. Hakukuwa na mwili, wala mahali pa kutuma watatu. Wengine walisema tupeane pole tufunge mkutano. Mzee akasimama akasema kwamba jiwe la Warumi lililiona hilo pia. Mtumwa akifa na bwana wake akakataa kwa ukatili kuutoa mwili, kolegio halikusema basi. Lilimfanyia mazishi kwa kuzika kitu cha kumwakilisha, kana kwamba yupo. Ziwa, alisema, limekuwa bwana wa namna hiyo.

Ezéchiel alipinga kwa nguvu zote. Alisema kuzika jeneza lisilo na mtu ni kufungulia uchawi mlango, na kwamba yeye hatasimama hapo na Biblia. Walibishana wiki nzima, ofisini, kwenye simu, hata mbele ya bucha. Mwishowe Mzee alipiga simu Uvira, kwenye duka ambapo mama yake Ignace alikuwa akipokelea simu zake, akamuuliza yeye anataka nini. Mama akauliza kama mwanawe aliacha nguo yoyote. Kulikuwa na koti lake zito la lindo, limening'inia msumarini chumbani Turffontein. Tukalizika koti hilo. Mzee alishika simu juu ya kaburi ili mama asikie, na Ezéchiel, aliyesema hatakuja, ndiye aliyeanzisha wimbo. Mama alitaka kujua jambo moja tu, kama jina la mwanawe limetajwa kamili. Tukalitaja tena, sote kwa pamoja, tukiielekea simu ile.

Siku hiyo Mzee naye alivaa koti lake jeusi, lile aliloshonewa na Bakiri tulipoanza. Hakuna mazishi ya Kolegio ambayo koti hilo halikuhudhuria. Kiangazi cha hapa kinachoma, naye alilivaa hivyohivyo, kwa heshima. Kila Jumamosi Thokozile alilipiga brashi, akalikung'uta vumbi la makaburini, akalalamika kwamba ameolewa na koti.

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi. Kila Januari, kwa agizo la Mzee, kila mwanachama husimama mbele ya wenzake akasema kwa mdomo wake anataka kuzikwa wapi. Mzee hakutaka iandikwe. Alisema karatasi moja hupotea, lakini masikio ya ukumbi mzima hayapotei kwa pamoja. Mimi nimesema Bukavu, kule juu ambako ziwa linaonekana, karibu na mama. Ezéchiel alisema Kalemie miaka kadhaa, kisha mwaka mmoja akasema hapahapa, na watoto wake wakamtazama. Bakiri husema popote, mradi isiwe jirani na shemeji yake. Huwa tunacheka na huwa tunaogopa, na tukimaliza tunakuwa wepesi. Mzee ndiye aliyekuwa muulizaji. Kwa miaka mingi hakuna aliyegundua kwamba muulizaji haulizwi.

Mwaka 2005 Thokozile alifariki. Tulikwenda watatu kama kawaida, ingawa safari hiyo wote watatu tulikuwa wa kulia. Alizikwa Soweto pamoja na watu wa ukoo wake, na dada zake wakaacha nafasi kando yake, wakamwonyesha Mzee kwa mkono. Baada ya miezi michache kaka yake Mzee alipiga simu kutoka Bukoba. Wahaya humzika mtu kwenye kibanja cha kwao, katikati ya migomba, alipolala baba yake na babu yake, na kaka alisema mahali pake ameshapalilia. Basi mtu mmoja akawa na nafasi mbili zinazomngoja. Januari 2006 Bakiri aliinuka akamgeuzia swali. Mzee aliangalia saa, akasema tuendelee na ajenda inayofuata. Januari mwaka huu alifanya vilevile, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hofu yetu haikuwa ya bure. Kazi hii imetuonyesha ndugu wanavyoweza kuvutana juu ya mwili, hawa wakishika miguu na wale wakishika kichwa, na watoto wa marehemu wamesimama katikati. Sipho na Eva wamekulia hapa. Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu kwa Kiingereza, na kibanja cha babu yao wanakijua kwa picha. Nani angewaambia mama zao wakubwa na wadogo wa Soweto waachilie? Nani angemwambia kaka wa Bukoba? Neno la Mzee peke yake lingeweza, naye alilimeza.

Agosti mwaka huu alianguka kwenye ngazi za ofisi, akishika kifua. Tulikwenda hospitali watatu: Bakiri wa kusema, Ezéchiel wa kushika simu, mimi wa kulia. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Mchana Eva alitoka wodini, macho mekundu, akatuuliza kwa Kizulu chake kilichochanganyika na Kiingereza: ikitokea, baba anataka iwe wapi. Alidhani tunajua, kwa sababu kazi yetu ni kujua. Ezéchiel alifungua Biblia akaifunga. Mimi niliyeletwa kwa ajili ya machozi sikutoa hata tone, kwa woga. Eish, sijawahi kukaa kwenye benchi gumu kama lile.

Mungu alimrudisha. Daktari alimkataza ngazi, na ndipo suala la kustaafu lilipoanza. Kaka akasema arudi nyumbani akapumzike kibanjani, naye akakubali. Nadhani Mzee alituona nyuso zetu tulipoingia kumsalimu kitandani, maana alituangalia muda mrefu na hakutaja Warumi hata mara moja. Mkutano wa Oktoba haukuwa wa kuulizana. Alisimama bila kuulizwa, akavua kofia. Alisema mwili wake ulale Bukoba, kwa baba yake, kwa kuwa ndugu zake aliwaacha mara moja na hataki kuwaacha mara ya pili. Lakini Thokozile hawezi kumwacha peke yake kwenye baridi ya Johannesburg. Kwa hiyo koti lake jeusi lizikwe Soweto, katika ile nafasi ya kando yake, siku hiyohiyo, na jina lake litajwe kamili huku na huku. Akasema Warumi walimfanyia hivyo mtu aliyenyimwa mwili wake, na Ignace alituonyesha kwamba inawezekana, naye hakuona kwa nini isifae kwa mtu mwenye nyumba mbili. Kisha akakaa. Bakiri alilia mbele za watu, fundi yule mwenye maneno mengi, na mimi nikamfuata.

Tukabaki na hofu ya dada zake Thokozile. Tulikwenda Soweto watatu, tukaeleza kwa tahadhari: collegium, jiwe, mazishi bila mwili, koti. Dada mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, huku akichambua mboga. Akasema kwao kuna tawi la mti, umlahlankosi, ambalo hupelekwa mahali mtu alipofia ili roho yake iletwe nyumbani, na kwamba hakujua kumbe Warumi nao walikuwa na akili. Koti alilikubali. Alichotaka kujua ni nani atakayelipeleka tawi mpaka Bukoba na kurudi nalo. Tukasema watatu.

Kamati imeshaamua. Kanuni yetu ya zamani ilisema anayehama jiji uanachama wake unakoma; kwa Mzee Wilbroad haukomi. Bukoba ni mbali sana kupita jiwe la maili ya ishirini, lakini siku ikifika tutakwenda Bakiri, Ezéchiel na mimi. Mmoja wetu akitangulia, mwingine atachukua nafasi yake, ili wawe watatu siku zote. Tumemwomba tu asituharakishe.

Miezi hii miwili amekuwa akinifundisha simu. Anasema usianze kuuliza nani amekufa. Kwanza muulize anayepiga yuko na nani hapo alipo, na kama yuko peke yake mwambie abaki kwenye simu mpaka mtu afike. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha saluni, na bado simu ikilia, hata kama ni mteja wa rasta, naanza kumuuliza yuko na nani hapo alipo. Nilipomwambia hivyo Mzee alifurahi. Alisema sasa ameamini kwamba kamati imechagua vizuri.

Kwa niaba ya wanakolegio wote, wa Fordsburg na Turffontein, Kensington na Soweto, na kwa niaba ya akina mama wa mbali uliowashikia simu juu ya makaburi, tunasema asante, Mzee wetu. Asanteni Sipho na Eva kwa kutuazima baba yenu siku ambazo mlimhitaji nyumbani. Kwa Thokozile tutakuwa tukipita kupalilia, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na habari zake tutakuletea.

Wiki iliyopita Mzee alilileta koti ofisini, limepigwa brashi. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akalinyoosha kola, akashuka ngazi polepole akishika ukuta. Tangu hapo kila asubuhi nikifungua mlango linasogea kidogo. Bakiri, ambaye hawezi kuvumilia kuona kazi yake ikiharibika, alitia mifukoni dawa ya nondo, wale wadudu wanaokula nguo. Juzi niliitoa nikaitupa, na sasa, akisoma hapa, amejua. Nenda salama, Mzee Wilbroad, ukaishi vizuri na ukaishi sana. Koti lako tutalitunza vibaya kadiri tuwezavyo, na tunaomba nondo walimalize kabla hatujalihitaji.